Viboksi Usoni mwa Asya

Nyie mnaofunika nyuso za watu kwa kidole kimoja kwenye simu, mkamaliza hata chai haijapoa, nnakuoneeni wivu kidogo na nnakuogopeeni sana. Wivu kwa sababu mie kazi hiyo ilinichukua siku tatu na mgongo wangu. Khofu kwa sababu najua ilivyo rahisi kudhani uso umefunikwa, kumbe uko wazi kwa yeyote anayejua kuutazama.

Nimekata kanda za harusi kwa miaka ishirini na ushei, katika studio ya wanawake iliyokuwa Ruwi, hapa Maskati, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Tulisema "kukata" ingawa mkasi hatukuushika. Ndiyo kuhariri kwenu. Mwenye studio alikuwa Bi Thuraya, mtu wa Unguja kama sisi, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambayo ukiisikia unasimama. Mwanamme hakuvuka mlango ule. Hata fundi wa kipoza hewa alisubiri nje mpaka skrini zizimwe na kabati la kanda lifungwe, na ufunguo wa kabati Bi Thuraya aliuvaa shingoni pamoja na mkufu wake wa dhahabu.

Sababu mnaijua. Katika harusi zetu wanawake wako peke yao, abaya zimevuliwa, nywele wazi, mikono wazi. Kamera yangu iliona asichokiona mwanamme yeyote wa nje ya nyumba. Kanda moja ikipotea njia, mtu anaachwa, anapigwa, au posa inavunjika. Siku ya kwanza ya kazi Bi Thuraya aliniambia kuwa akiniona siogopi atanifukuza. Nilidhani ni maskhara.

Miaka ya tisini tulikuwa na mashine mbili za video na kisanduku cha kuchanganyia picha baina yao. Kisanduku kile kilikuwa na kitufe cha mozaiki, ukikibonyeza picha nzima inageuka viboksi. Mie, mgeni wa kazi, nilikipenda kupita kiasi. Bibi harusi mmoja nilimwingiza ukumbini kwa viboksi vikubwa vinavyopungua kidogo kidogo mpaka sura itokee, nikaona nimefanya jambo. Mama yake akapiga simu kuuliza kwa nini binti yake ameingia kama ukuta wa vigae vya msikiti. Bi Thuraya hakunigombeza. Alikata kipande cha plasta, akakibandika juu ya kitufe, na plasta ile ilikaa mpaka kisanduku chenyewe kilipotupwa.

Baadaye zikaja kamera ndogo za kidijitali na kompyuta, na viboksi vikaanza kutokea bila ya kualikwa. Joto la Maskati na ule unyevu wake wa miezi ya kiangazi huchafua kichwa cha mashine kinachosoma kanda, na kichwa kikichafuka picha inang'oka vipande. Nimepata kuona bibi harusi anakula keki na mdomo wote ni viboksi, na shangazi yake anaapa kuwa ni jicho la watu. Hilo lilitibika kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Haya ya Asya hayakuwa na spiriti.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, baada ya harusi moja iliyofanywa katika hoteli ya Qurum. Jumamosi asubuhi, tumefungua tu, aliingia mwanamke amejifunika uso. Alisubiri mpaka mlango ufungwe ndipo akauinua mtandio. Nikamjua mara moja, maana usiku wa harusi alicheza karibu na bibi harusi na alicheza vizuri. Akasema anaitwa Asya, na anaomba aondolewe katika kanda.

Alitueleza mambo yake amesimama, kiti alikikataa. Mumewe, Khalfan, alikuwa amemvunja mkono mara ya pili. Ile mara ya kwanza alisema ameanguka. Mara ya pili hakusema kitu, alitoka na mkoba wake tu, na watu wake wakaeneza khabari kuwa amekwenda Unguja kwa mjomba. Kumbe alikuwa Al Khoudh, hapa hapa Maskati, kwa shangazi, katika nyumba za nyuma huko karibu na chuo kikuu, na anafanya kazi maktaba. Mwaka na nusu Khalfan alikuwa akimtafuta Unguja kwa simu na kwa watu. Aliyeolewa Qurum alikuwa rafiki yake wa damu, na Asya alijiambia kuwa jamaa za mumewe hawamo. Alipofika ukumbini ndipo akajua kuwa mama wa bwana harusi ni jamaa na Khalfan kwa upande wa mama. Sisi watu wa Unguja tulioko Maskati, ukivuta uzi mmoja unaivuta nguo nzima.

"Akijua niko hapa," alisema, "hatonivunja mkono tena. Alishaniambia atanifanya nini."

Bi Thuraya akamwambia kanda haitotoka hivyo. Lakini kumwondoa kabisa hakukuwezekana. Alikuwa bega kwa bega na bibi harusi katika kuingia, katika kucheza, katika kukata keki. Ukimtoa yeye unamtoa mwenye harusi. Kilichobaki ni kumfunika uso kwa mozaiki, na kompyuta yetu mpya iliweza kufunika sehemu moja tu ya picha na kuisogeza.

Iliweza, lakini si peke yake. Hakukuwa na kompyuta ya kumfuata mtu. Kila sekunde ina picha ishirini na tano, na kila picha kadhaa nilikiweka kifuniko upya kwa mkono, huku anazunguka, anainama, anapita nyuma ya mwenzake na kutokea upande wa pili. Siku ya pili niligundua kioo. Ukumbi ule ulikuwa na vioo virefu ukutani, na Asya niliyemfunika mbele alikuwa wazi kabisa ndani ya kioo, anacheka. Nikaiacha mausi ya kompyuta. Hilo lichukueni: mkimaliza kumfunika mtu, mtafuteni tena katika vioo, katika vigae, katika miwani ya aliyesimama mbele yake.

Nilivitafuta vioo vyote. Nikajiona hodari. Bi Thuraya alikuja kutazama, akasimama nyuma ya kiti changu kwa dakika nyingi, kisha akaniambia niviongeze viboksi ukubwa. Nikamjibu kuwa vikiwa vikubwa vinaharibu picha, bibi harusi ataonekana amesimama na tofali. Akasema nivikuze. Akatoka, na mie nikavikuza kidogo tu, kiasi cha kuweza kusema nimevikuza.

Hapa nikuelezeni jambo ambalo wakati ule nilikuwa silijui. Picha ya kompyuta ni viboksi tangu mwanzo, vidogo mno, ndizo pikseli, kila kimoja na rangi yake. Mozaiki inachukua fungu la viboksi hivyo, inazichanganya rangi zao, inatengeneza kiboksi kimoja kikubwa cha rangi ya katikati. Haiweki pazia mbele ya uso. Inaupunguza uso tu. Ukiupunguza kidogo, uliobaki unatosha.

Nakala zilitoka tatu. Moja ya bibi harusi, moja ya mama yake, moja ya mama wa bwana harusi. Nilizikabidhi kwa mkono wangu, na asubuhi ya pili yake nikachukua ya majaribio nyumbani, kwa kuwa mama yangu alipenda kutazama harusi.

Mama alikuwa mwisho wa ukumbi wetu, kwenye mkeka, anamenya vitunguu thomu. Miwani ameivua kwa ajili ya harufu, mwenyewe alidhani harufu inaingia katika kioo. Mie niko karibu na televisheni, natazama kazi yangu, naona viboksi vya rangi ya ngozi na vya rangi nyeusi vikicheza vyema juu ya shingo ya mtu. Mama akanyanyua kichwa.

"Huyo si Asya?" akauliza. "Nilimsomesha juzuu ya amma."

Nikamwambia uso umefunikwa.

"Umefunikwa na nini? Mbona namuona."

Akarudi kwenye vitunguu vyake. Mie nilisimama, nikarudi nyuma mpaka pale alipokaa, nikayafumba macho nusu. Viboksi vikayeyuka. Kingo zao zilipopotea rangi ziliungana, na Asya akatokea, paji la uso, nyusi, ule mdomo wake unaopinda upande mmoja akicheka. Nikafumbua macho, viboksi. Nikayabana, Asya. Mpaka leo sipendi kumuona mtu anabana macho mbele ya skrini.

Sikuiona ile kazi kwa sababu nilikuwa nimeikalia pua kwa pua siku tatu. Ukiwa karibu unaona viboksi. Anayekaa mbali, anayetazama skrini ndogo, mzee aliyevua miwani, huyo anamuona mtu. Na kanda za harusi hutazamwa na akina nani, kama si wazee wasioweza kwenda ukumbini?

Nilimpigia Bi Thuraya. Akaniuliza kanda ziko wapi. Hakuniuliza kingine. Zile mbili nilizipata saa hiyo hiyo, kwa kusema sauti ina kasoro na tutazitengeneza. Ya tatu, mama wa bwana harusi alisema ameiazimisha. Kuna bibi mmoja mgonjwa wa miguu hakuweza kuja harusini, akamuonea huruma. Nikauliza bibi gani. Akasema ni Bi Rukia, anakaa Maskati kwenyewe, ule mji wa kale, ana kijana wake Khalfan aliyeachwa na mke.

Nilikwenda mchana ule ule. Njia ya pwani kutoka Matrah naijua kama kiganja changu, lakini siku ile kila pembe ilinishtua. Maskati ya ndani saa za alasiri inakuwa imehama: wizara zimefungwa, magari yamekwisha, kuna kuta nyeupe na askari mmoja mmoja. Nyumba ya Bi Rukia ilikuwa ya zamani, mlango mdogo ndani ya mlango mkubwa. Nilisimama nje nikitunga maneno. Nikaomba gari la Khalfan lisiwepo, nikakumbuka kuwa sijui gari lake ni lipi.

Bi Rukia alinikaribisha kwa sauti kutoka ndani, niingie tu. Alikuwa kwenye godoro, miguu imefungwa kwa vitambaa, bibi mwembamba mweupe wa nywele. Televisheni iko upande wa pili wa chumba. Kanda inakwenda. Jicho lake moja lilikuwa na ule ukungu wa wazee, na jicho la pili alilibana sana.

Nikamsalimia, nikambusu mkono, nikaanza hadithi yangu ya sauti yenye kasoro. Alikuwa ameshika rimoti kwa mikono miwili. Akairudisha kanda nyuma kidogo, akaiachia tena. Bibi harusi akaingia, na pembeni yake yule wa viboksi. Akairudisha tena. Mie nimesimama, jasho linanishuka mgongoni ndani ya abaya, na nikajua kuwa hii si mara yake ya kwanza kukirudia kipande kile.

"Amenenepa," akasema. "Kwangu alikuwa mifupa mitupu."

Nilitaka kuuliza kama amemwambia mtu. Na hapo tukasikia mlango mdogo unafunguliwa, na hatua za mwanamme uani, na mifuko ya sokoni inawekwa chini.

"Mama!"

"Usiingie, Khalfan," Bi Rukia akasema. "Nna mgeni mwanamke."

Hatua zikasimama nyuma ya pazia la mlangoni. Niliona ncha za viatu vyake chini ya pazia. Viatu vya kawaida vya ngozi, vimepigwa rangi vizuri. Televisheni inaendelea, ngoma zinalia, na katikati ya ngoma, kwa viboksi vyangu vya kijinga, mkewe anacheza. Pazia lile lilikuwa jepesi. Upepo mmoja wa feni ungetosha.

Akauliza mgeni ni nani. Mama yake akamjibu kuwa ni mtu wa studio. Halafu akasema na mie, kwa adabu nzuri, sauti ya mtu aliyesoma:

"Samahani, dada. Harusi hii ndiyo ya Qurum? Walikuja watu wengi wa kwetu?"

Nikasema walikuja wengi, siwajui.

"Mke wangu alikuwa rafiki na bibi harusi. Labda umemuona?"

Mie nimekaa na kamera miaka mingi, nimepandishiwa jazba na watu, nimetishwa na waume na mama zao, lakini sijapata kuogopa kama nilivyoogopa adabu ile. Nikasema nikiwa kazini natazama nguo na taa tu, sura sizishiki. Viatu havikuondoka.

Bi Rukia akabonyeza rimoti. Skrini ikazimika. "Kanda imeharibika," alisema kwa sauti ya kuchoka. "Hata sura za watu hazionekani. Ndiyo mwenyewe kaja kuichukua. Hebu nenda kanitilie maji, mwanangu."

Viatu vikaondoka. Bibi akaniashiria kwa kidole niitoe kanda mashineni. Nikaitia ndani ya mkoba. Nilitoka kwa mlango mdogo, nikatembea mpaka garini bila ya kukimbia, na nilipofika Matrah ndipo nikasimamisha gari kando ya njia, nikaufungua mkoba kuhakikisha kanda imo.

Nilimwambia Asya siku ile ile. Bi Thuraya alitaka aende yeye, nikakataa. Kosa lilikuwa langu. Nilimkuta Al Khoudh, uani kwa shangazi yake. Nikamweleza yote, viboksi, macho ya mama yangu, viatu chini ya pazia. Nilitegemea anitukane. Aliniuliza jambo moja tu, kama mavyaa wake, Bi Rukia, anaumwa sana. Kisha akaingia ndani kufunga nguo, na kabla ya magharibi alikuwa ameshahama. Nilimuomba msamaha mlangoni akanipita. Hakunisamehe siku ile, na sijui kama alipata kunisamehe.

Kazi niliifanya upya. Safari hii viboksi vitano tu vilitosha uso mzima, na juu yake nikatia ukungu, na nikasimama mwisho wa chumba nikabana macho mpaka yakauma. Bibi harusi alilalamika kuwa pana tofali. Tukamwacha alalamike, na khabari ya tofali ikaenea kwa jamaa.

Miezi ile sikulala vizuri. Simu ya studio ikilia niliiacha iite mara tatu. Nilimfikiria Bi Rukia: mama ni mama, na mama akikasirika au akimuona mwanawe analia, atasema. Kisha tukapata khabari kuwa Asya amefungua kesi kwa kadhi, na baada ya kusukumana sana akapewa talaka yake. Nikaanza kupumua. Lakini Khalfan, watu walisema, hajakubali. Anasema amedanganywa, mke alikuwa hapa hapa mjini, na siku moja atajua nani alimficha.

Wiki chache baada ya hapo, asubuhi, nikasikia ngazi zinapandwa pole pole, fimbo na mguu. Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Rukia, anahema. Nyuma yake, kwenye ngazi, mwanamme amempa mkono mpaka mlangoni, halafu akabaki nje kama desturi ya pale. Nikaviona vile viatu.

Mlango hakuufunga. Aliuacha nusu wazi, akasimama hapo hapo, akasema kwa sauti ambayo hata wa duka la vitambaa angeisikia:

"Nimekuja kutaka ile harusi ya Qurum, ile ya asili. Isiyofunikwa. Kijana wangu anasema kompyuta zenu zinaweza kuviondoa vile viboksi."

Bi Thuraya hakuwepo. Nilikuwa peke yangu. Kanda ya asili, ile ndogo ya kamera, ilikuwa kabatini, hatua mbili kutoka miguuni pake. Tuliiweka kwa sababu tuliziweka zote. Nikamtazama usoni nipate kujua anataka nimjibu nini, na uso ule haukunipa kitu. Labda alikuja kwa ajili ya mwanawe. Labda yeye mwenyewe alitaka kumuona mkwewe vizuri mara moja kabla hajafa. Labda aliletwa.

Nikasema viboksi haviondoki. Nikasema chini yake hakuna uso, rangi zimeshachanganywa, hakuna kompyuta ya kuzichangua. Hayo yalikuwa kweli.

"Na ile ya asili?"

"Imefutwa," nikasema. "Tunazirikodia juu tena. Haipo."

Nje, kiatu kimoja kikajisogeza kwenye sakafu. Bi Rukia akalibana lile jicho lake zima, akanitazama. Kisha akaninong'oneza, chini kabisa, hata mie niliye mbele yake nilisikia kwa shida:

"Umefanya vizuri."

Akageuka, akampa mwanawe mkono, na nikazisikia zile hatua zinashuka, fimbo, mguu, viatu, mpaka chini.

Nilifunga mlango kwa ufunguo. Nikampigia Bi Thuraya aje na ufunguo wa kabati. Alikuja, akafungua. Nikaitoa kanda ile, nikaitia mashineni, nikairudisha mwanzo, na bila ya kuitazama hata mara moja nikarikodi weusi juu yake, saa nzima kamili, nimeikalia mbele mpaka ikaisha.